Katoni Nzima kwa Simu Moja

Kiswere
2 Septemba 2024

Dada Fauzia, binti wa shangazi,

Kabla hujasoma zaidi tafuta pa kukaa, maana unaandikiwa na mtu ambaye kuanzia Nangurukuru mpaka Mchinga hakuna simu iliyokufa akaigusa isifufuke. Juzi mzee mmoja kaniletea simu iliyokanyagwa na trekta. Nimeipuliza tu, ikaita. Watu wanasema niliacha shule kidato cha pili. Ukweli ni kwamba shule ndiyo iliyoishiwa cha kunifundisha. Wenye viwanda vya simu wangejua nipo hapa, na meza yangu na mwavuli wangu, wangeshanitumia ndege.

Sasa salamu. Hujambo, mtoto hajambo, shemeji hajambo? Huku sote wazima. Shangazi Hamida mzima, ananidharau kama kawaida.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Nimegundua jambo ambalo dunia nzima imelipita bila kuliona: watu wanataka simu janja ndogo. Si kitochi, nisikilize vizuri. Simu ya kupangusa kabisa, yenye WhatsApp, yenye kamera, ila ndogo, ya kuingia kwenye pindo la khanga. Nimejuaje? Kati ya simu kumi ninazoletewa zimekunywa maji, sita ni za kina mama wa pweza. Mtu anakwenda mwambani maji yakipwa, kajifunga kiunoni simu kubwa kama ubao wa kukatia vitunguu. Akiinama kuchokoa pweza, simu hiyo, baharini. Mimi napata kazi, sikatai, lakini nina moyo.

Basi nimechukua daftari nikazunguka nyumba kwa nyumba. "Mama, ukiletewa simu janja ya kuenea kiganjani utaitaka?" Wanasema, "Ilete hata leo, mwanangu." Nina majina sitini na matatu. Sitini na matatu, dada. Mwambie bosi wako alete mia, na aniandalie kiti karibu na chake.

Ni mimi, daktari wa simu ukanda wote wa kusini,
Jafari Likwata


Kariakoo, Dar es Salaam
9 Septemba 2024

Kwako Jafari,

Barua yako imefika kwa kondakta, imekunjwa mara nane na inanuka ng'onda. Hata hivyo nimefurahi kwamba safari hii umefuata nilivyokuagiza, ukaandika kwa karatasi. Katika biashara hii tutaendelea hivyo hivyo. Jumbe zako za sauti za dakika kumi na moja nimezichoka: unadanganya, ukishtuka unafuta, mimi nabaki naangalia alama ya kufutwa. Karatasi ukishampa kondakta huwezi kulifukuza basi.

Nimempa Bosi Ignasi akaisoma. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema nikujibu hivi, nayaandika kama alivyoyatamka: "Mwambie kijana, hayo majina sitini na matatu hata viwandani wanayo, tena kwa mamilioni. Kila mtu ukimuuliza anataka simu ndogo. Halafu anafika dukani, ndogo na kubwa zimelala pamoja, bei zinakaribiana, mkono unakwenda wenyewe kwenye kubwa. Kutengeneza kalibu ya simu ndogo ni gharama ileile ya kubwa. Vioo vidogo havichukuliwi kumi wala mia, vinaagizwa malaki. Betri nayo haina pa kukaa. Saa nane mchana simu imezima, mteja anairudisha ananuna. Ndiyo maana wanaojaribu wanatengeneza mara moja, wanaungua, wanaacha."

Kwa hiyo si wewe wa kwanza kugundua, pole.

Ila ipo moja, ya kioo cha inchi nne. Kiwanda kimeshaacha kuitengeneza. Mtu wake wa Guangzhou amebakiwa nazo chache, na haziuzi ila kwa katoni, simu arobaini. Bosi hazitaki hata za bure.

Sasa la kwangu. Mwezi wa tano mama alichomwa mguu na samaki taa kule mwambani, akatambaa peke yake mpaka ufukweni. Simu niliyomnunulia ilikuwa kabatini, imefungwa kitambaa, kwa sababu haikai kiunoni. Mimi nilipata habari siku ya tatu. Nikampa kitochi, akampa jirani. Anasema simu isiyo na uso wa mjukuu wake ni kipande cha plastiki. Shemeji yako anasema nimlete Dar akae na sisi. Wewe unamjua mama. Nikimtoa kwenye mwamba ule nitakuwa nimemtoa roho.

Nimemwambia bosi katoni ije, nimeweka sahihi yangu. Katoni nzima naileta kwa ajili ya simu moja, Jafari. Thelathini na tisa fanya biashara yako. Ya kwanza ni ya mama, na kila anapoingia mwambani iwe kiunoni mwake. Ikishindikana, Desemba nakuja kumchukua, atake asitake.

Dada yako,
Fauzia


Kiswere
15 Septemba 2024

Dada Fauzia,

Mpe Bosi Ignasi shikamoo yangu, na umwambie ninamheshimu sana ila hajawahi kuchokoa pweza. Wateja wake wanasimama dukani, feni inawapepea, wana mikoba. Wangu wamesimama kwenye maji ya magoti, mkono mmoja fimbo, mwingine kapu. Mkono wa kwenda kwenye kubwa wautoe wapi?

Na hilo la betri kuzima saa nane: mama wa pweza saa nane ameshafika nyumbani, amekula, analala. Anataka nini tena? Nimejibu hoja zote kabla chai haijapoa. Kweli nchi hii inapoteza vipaji.

Kuhusu shangazi usiwe na wasiwasi. Hata ukiniamsha usingizini nitakujibu: ya kwanza ni ya shangazi, iwe kiunoni. Nimeshaliandika ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya majina yote.

Leta mzigo.

Ni mimi, mshauri wa viwanda (ambavyo havijanipigia bado),
Jafari


Kariakoo
5 Oktoba 2024

Jafari,

Katoni imo ndani ya basi la kesho asubuhi, na barua hii iko juu yake. Hesabu mbele ya kondakta. Ni arobaini, na hakuna nyingine. Bosi ameuliza, jibu ni kwamba hizo ndizo za mwisho.

Zisome hizi mara mbili, wewe mwenye mambo mengi. Haziogelei. Kila anayenunua umwambie aifunge kwanza kwenye mfuko mgumu wa nailoni ndipo aingize kwenye pindo. Usimwambie mtu ati hata ukizama nayo. Nakujua.

Ya mama nimeichagua mwenyewe, ni ile ya bluu, nimeshaiweka namba yangu na picha ya mtoto. Ukifika kwake mfundishe pole pole, usimcheke.

Fauzia


Kiswere
20 Oktoba 2024

Dada,

Ungekuwepo. Mimi nimekwishaona mengi, lakini hili nitawahadithia wajukuu wangu na kuliongezea chumvi kidogo.

Nimemkuta shangazi anaanika ng'onda. "Shikamoo shangazi." "Marahaba. Umekuja kula au umekuja kuongea?" Nikasema yote mawili. Nikamwekea ile ya bluu kiganjani. Akaigeuza, akainusa, akaigonga kwa kucha. "Hii mbona imezaliwa kabla ya siku zake?" Nikamwambia iwashe. Picha ya mtoto ilipotokea akasema, "Na huyu naye wamempunguza." Ndipo tulipokupigia, ukamwona alivyoiweka karibu na pua, ukawa unaona jicho tu. Wewe ulipokuwa unacheka, mimi nilikuwa nimekaa chini kwa kicheko.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Akaifunga kwenye nailoni, akaitia kwenye pindo, akasokota, akachomeka kiunoni. Akainama. Akachuchumaa. Akaruka, dada, mtu wa miaka hamsini na tisa, mpaka kuku wakakimbia. Simu haikusogea hata unywele. Akaniangalia akasema, "Jafari, leo kwa mara ya kwanza umeleta kitu cha maana nyumbani kwangu." Siku hizi anaivua kwa kuoga na kwa kuswali tu.

Biashara imechangamka, watu wanajaa mezani kwangu mpaka mwavuli unaelemewa. Mwambie bosi aanze kutafuta katoni ya pili.

Mkurugenzi wa simu ndogo Afrika Mashariki,
Jafari


Kariakoo
27 Oktoba 2024

Jafari,

Jana nimeongea na mama kwenye hiyo hiyo simu. Nimemuuliza biashara ya mdogo wangu inakwendaje. Akasema, "Watu wanajaa kweli mezani. Wanaangalia, wanacheka, wanaondoka. Simu zimepangwa pale kama dagaa, hata moja haijatoka."

Nataka ukweli, kwa karatasi.

Fauzia


Kiswere
3 Novemba 2024

Dada Fauzia,

Shangazi ana macho makali kwa umri wake. Sawa. Haijatoka hata moja.

Lakini kabla hujanitukana usikie nilivyogundua kwa nini, maana ugunduzi huu ni mkubwa kuliko ule wa kwanza. Pesa za korosho zimeanza kuingia, si unajua? Simu huku hainunuliwi na anayeitumia. Mwanamume akilipwa korosho anamnunulia mkewe simu, na simu ile ni zawadi, lazima ionekane. Itapita kwa wakwe, itapita kwa mashoga, itawekwa juu ya meza sebuleni.

Wiki iliyopita alikuja Mzee Clemence, wa kule milimani, mfuko umetuna. Mkewe, mama Joyce, jina lake ni la nne kwenye daftari langu, aliniambia mwenyewe anaitaka kuliko chakula. Nikamwonyesha. Akaishika kwa vidole viwili.

"Bei?"

Nikamtajia.

"Na ile kubwa wanayouza Lindi mjini?"

Nikamwambia inazidi kidogo tu.

"Sasa kijana, nikimpelekea mke wangu hii, baba mkwe si ataniuliza nusu yake nyingine nimeiacha wapi?"

"Lakini mzee, mwenyewe mama Joyce ndiye anayeitaka ndogo."

"Anaitaka akiwa na wewe. Mbele ya ndugu zake ataitaka kubwa."

Akaenda Lindi, akarudi na kitu kama mlango. Na hivyo ndivyo wamefanya wengine saba, nawajua kwa majina. Mama Joyce nimekutana naye kisimani, simu imefungwa ndani ya kilemba kama amebeba tofali. Ameniangalia tu, akaguna.

Kwa hiyo bosi wako alikuwa sahihi, lakini kwa sababu isiyo yake. Mwambie hivyo hivyo. Niliwauliza wenye viuno, sikuwauliza wenye mifuko. Na hao wa viwandani, nakula kiapo, wamekosea palepale nilipokosea mimi.

Dawa ninayo. Tangu Agosti kijiji kimefunga mwamba, hakuna kuchokoa, pweza wakue. Utafunguliwa Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Siku tatu kabla, kikundi cha kina mama wa pweza wanavunja kisanduku chao cha akiba, kila mmoja anapewa chake anunue viatu vya maji, kapu, anachotaka. Pesa ile haina mume. Wanagawana Jumatano, chini ya paa la ofisi ya kijiji. Na mimi Jumatano nitakuwa pale, nimeoga.

Nipe siku kumi na moja.

Jafari (vyeo nimeviweka pembeni kwa muda)


Kiswere
14 Novemba 2024

Dada Fauzia, dada Fauzia, dada Fauzia,

Rudisha vyeo vyangu vyote, na uongeze kimoja.

Zimekwisha. Thelathini na tisa, jana, kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Nilifika na katoni kichwani, kina mama wamekaa kwenye mkeka, pesa ziko mikononi, zina joto. Nikaanza kuhutubia. Sijui unanikumbuka nikihutubia? Mwenyekiti wao, Bi Yustina, akanikata: "Jafari, maneno yako tunayajua tangu hujaota jino. Simu ikianguka majini nani atalia, wewe au mimi?"

Nikajifanya nahesabu simu upya. Ndipo shangazi Hamida akanyanyuka kutoka nyuma. Akasimama katikati ya mkeka na khanga yake, akainama kama anachokoa, kushoto, kulia, akaingiza mkono kwenye tundu la uongo, akamvuta pweza wa uongo, akapigana naye, pweza akamshinda kidogo, akamgonga kwenye jiwe. Watu wanashangilia. Kisha akachomoa pindo, akafungua nailoni, akakupigia wewe. Ndiyo ile simu uliyoipokea ukasikia makelele ukadhani kuna harusi.

Bi Yustina akasema, "Nipe mbili." Baada ya hapo nilikuwa nagawa kama pipi za maulidi. Bi Apolonia, yule aliyeolewa hapa kutoka Rutamba, amechukua ya mwisho, na walikuwepo wanne nyuma yake wakaanza kunifokea, utadhani mimi ndiye kiwanda. Nailoni nimewagawia bure na nimewaambia haziogelei, mara mbili, kwa sauti. Muulize yeyote.

Mwambie Bosi Ignasi awabembeleze watu wake. Keshokutwa kwenye kufungua mwamba watakuja wanunuzi wa pweza kutoka milimani na Rutamba, na wake zao, na shemeji zao. Nitakuwa ufukweni na daftari jipya. Safari hii naandika majina ya wenye mifuko.

Waziri wa simu ndogo,
Jafari Likwata


Kiswere
17 Novemba 2024

Dada,

Najua shangazi mwenyewe ameshakupigia jana jioni, lakini nataka uwe nayo kwa karatasi. Simu ndogo imeokoa mtu, na mtu huyo ni mama yako.

Mwamba umefunguliwa saa tatu, maji yamepwa mpaka mbali, pweza ni wakubwa, mtu mmoja anabeba makapu mawili. Shangazi kama kawaida yake akaenda mbele kuliko wote, mpaka kwenye ukingo. Saa sita maji yakaanza kurudi, watu wanarudi nayo, yeye akakanyaga vibaya, mguu ukazama kwenye tundu la mwamba ukanasa. Upepo ulikuwa wa kusini, sauti haifiki popote. Maji yalimfika kiunoni, yakapanda kifuani. Ikapigwa simu kwa Severini mvuvi, ngalawa yake ilikuwa upande wa pili wa ukingo, akaja na mwenzake wakavunja jiwe kwa nondo, wakamtoa.

Mguu umevimba, haujavunjika. Zahanati wamemsafisha wakamfunga bendeji. Jana hiyo hiyo jioni alikuwa anamfokea Severini kwa kuliacha kapu lake likaelea na pweza sita ndani.

Kijiji kizima hakina hadithi nyingine. Majina kwenye daftari jipya yamefika mia na nne.

Jafari


Kariakoo
22 Novemba 2024

Mdogo wangu Jafari,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mama alinipigia ile Jumamosi, nikamuuliza ikawaje, akasema, "Simu ndogo imeniokoa, mwanangu," akacheka, akaniuliza kama mtoto amekula. Hakutaka kusema zaidi. Sasa nimejua yote.

Nataka nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia, na usikitumie vibaya. Umefanya kazi ya mtu mzima. Tangu mwezi wa tano kila nikisikia simu inaita asubuhi moyo unaruka. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya Desemba, nimeshaandaa chumba. Tiketi nimeirudisha. Kama ile simu inakaa kiunoni mwake, na imempigia mtu maji yakiwa kifuani, basi mwamba wake namwachia, abaki nao.

Na Bosi Ignasi. Nilimsomea barua yako mbele ya wafanyakazi wote. Alivua miwani tena, ila safari hii hakucheka. Anasema miaka ishirini na mbili ameuza simu, hajawahi kusikia mtu anaisifu simu kwa mahali alipoivaa. Amekaa na mimi tumeandika barua kwenda Guangzhou, waipeleke kiwandani: kwamba wapo wanawake wanaofanya kazi ndani ya maji, na simu kubwa kwao haina mahali, na kwamba mama mmoja wa Kiswere yu hai kwa sababu alikuwa na simu ya inchi nne kwenye pindo la khanga yake. Anataka tuweke picha ya mama na ile simu ya bluu. Wakikubali kufufua kalibu, anasema wewe ndiye wakala wa Lindi yote. Kwa karatasi, na muhuri.

Barua inaondoka Jumatatu ya tarehe mbili. Nitumie hiyo picha, na uniandikie kwa maneno yako jinsi mama alivyoichomoa akapiga. Alimpigia Severini moja kwa moja? Namba ya Severini aliiweka lini?

Dada yako anayejivunia wewe,
Fauzia


Kiswere
28 Novemba 2024

Dada Fauzia,

Barua hii nimeianza mara tano. Kondakta amekaa anakula wali mkahawani, ameniambia akimaliza anaondoka, kwa hiyo hii ya tano ndiyo itakayokuja.

Yote niliyokuandikia ni kweli. Zimeuzika thelathini na tisa, kweli. Majina mia na nne, kweli. Maji kifuani, kweli. Simu ndogo imemwokoa, kweli. Lakini haikuwa yake.

Jumamosi ile asubuhi, kabla hawajaingia majini, nilimkuta shangazi ufukweni anajifunga khanga. Katoni yangu ilikuwa tupu, sikuwa na hata moja ya kuwaonyesha watu wa milimani, na nilishaona mara ya kwanza kwamba ukimwambia mtu kwa mdomo haamini. Nikamwambia, "Shangazi, niazime ya bluu mpaka mchana." Akasita. Akasema, "Fauzia aliniambia nisiivue." Nikamwambia, "Leo mko wanawake arobaini, wenzako wote wana simu, utakosa nini?" Akachomoa pindo, akanipa. Akasema, "Chukua, usiikwaruze." Mimi nikaenda kuhutubia.

Aliyepiga ni Bi Apolonia. Yeye alikuwa nyuma ya wote katika kurudi, ameshafika maji ya magoti, akageuka tu kuangalia kama kuna mwenzake nyuma wa kumsaidia kapu. Hakusikia kitu, aliona kichwa. Namba ya Severini anayo kwa sababu hununua samaki kwake. Ingekuwa kapu lake ni jepesi asingegeuka.

Shangazi nilimwomba asikuambie. Mguu wake uko juu ya mto, akasema, "Mimi sitasema uongo kwa mwanangu, ila sitasema zaidi ya nitakayoulizwa." Ndiyo maana alicheka kwenye simu akauliza habari za mtoto. Simu yake nilimrudishia jioni ile ile. Haina mkwaruzo.

Mwambie Bosi Ignasi asiitume barua ile. Au aitume, aandike Apolonia. Picha ya Apolonia naweza kuipata kesho. Uwakala mpeni Bi Yustina, anajua kuhesabu na hahutubii. Na ukikata tiketi tena sitakuwa na la kusema, nitabeba mizigo ya shangazi mpaka stendi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kondakta bado anakula. Jana nilimuuliza shangazi ilikuwaje kabla Apolonia hajageuka. Akaniambia kama robo saa hivi. Akasema hakupiga kelele sana, alijua upepo. Alikuwa anajipapasa kiunoni. Anajua kabisa simu haipo, amenipa mwenyewe, lakini mkono unarudi palepale, unapapasa pindo, halina kitu, unarudi tena. Wakati huo mimi nimesimama ufukweni juu ya boya la Severini, nimeinyanyua ile ya bluu juu ya vichwa vya watu, nawaambia, hii haitoki mwilini mwa mtu hata afanye nini.

Jafari